Ramadhani 17: Yatima aliyebalehe



Ndugu zangu, kila mwaka ikifika katikati ya mfungo tunaandikisha mayatima kwa ajili ya futari na nguo za Idi, na kila mwaka swali ni lile lile: huyu wa miaka 15, aliyefiwa na baba juzi tu, aandikwe au asiandikwe? Jibu la fiqhi linajulikana. Yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe. Akishabalehe, jina hilo linamtoka. Basi anaachwa, na tunaona tumemaliza.

Mimi naona bado. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi hawakuambiwa wamkabidhi yatima mali yake kwa sababu tu amekua. Wameambiwa wamjaribu mpaka afike umri wa kuoa, na wakimwona ana busara ndipo wampe. Yaani kubalehe peke yake hakutoshi hata kukabidhiwa shamba la marehemu baba yake. Sasa jamani, kutatoshaje kubeba msiba wake?

Tazama nyumba iliyofiwa. Mjane ana eda, miezi minne na siku kumi, na kila mtu anajua namna ya kukaa naye. Wadogo wanabebwa, wanabembelezwa. Kijana anashikwa bega makaburini: "Usilie, wewe ndiye baba wa nyumba sasa." Matanga yakianuliwa anarudi shule, basi. Binti ndiyo kabisa, anaingia jikoni kuwapikia wadogo zake futari na sisi tunamsifu kwamba amekuwa mtu mzima. Na kama aliyefariki ni mama, kwa fiqhi hata jina la yatima hakuwahi kulipata.

Hilo la "usilie" silipendi hata kidogo. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 6 hivi, na akiwa mtu mzima alizuru kaburi lake akalia mpaka aliokuwa nao wakalia. Kilichokatazwa ni kujipiga na kuchana nguo, si machozi. Na Abu Talib, aliyemchukua akiwa na miaka 8, hakumwachia mkono alipobalehe. Alisimama naye mpaka siku yake mwenyewe ya kufa.

Mtasema fungu la mayatima halitatosha. Kweli, na wadogo ndio wenye haki ya kwanza. Lakini kijana huyu mara nyingi hadai kilo ya mchele. Anakosa mtu wa kumpitia waende tarawehe, mtu wa kumsimulia baba yake alikuwaje ujanani. Saa ya daku ndiyo nzito kwake: aliyekuwa akimgongea mlango hayupo. Wapo wanaofunga bila daku, na si uvivu.

Orodha iko kwa imamu mpaka Ijumaa. Vijana hawa tuwaandike ukurasa wa nyuma, kila jina na mtu mzima mmoja wa kumpitia. Futari njema.