Vuka Mto Ukaulize
Neno: Yoshua 22:9–34



Fungua Yoshua 22. Vita vya Kanaani vimekwisha. Reubeni, Gadi na nusu ya kabila la Manase wanarudi kwao ng'ambo ya Yordani, na walipofika mtoni wakajenga madhabahu, tena kubwa ya kuonekana mbali. Habari ikawafikia ndugu zao. Hawa wakakusanyika Shilo, tayari kwa vita. Juzi tu walikuwa wakipigana bega kwa bega! Waliona mawe, wakayapa maana wao wenyewe.

Kazini ndivyo tunavyoishi. Tangu reli ifike ziwani 1901, Kisumu yetu imewaleta pamoja Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mhindi, Mkikuyu, kila mtu na malezi yake.

Mshirika wetu mmoja, ameniruhusu niseme bila jina, ni msimamizi katika kampuni moja hapa mjini. Mwezi wa tatu kijana wake wa kazi aliomba ruhusa: amefiwa na baba. Akapewa. Mwezi wa nane kijana huyo huyo anarudi: amefiwa na baba. Msimamizi akatoa faili, akaanza kuandika barua ya onyo kwa udanganyifu. Na nyinyi mnajua, kibarua kikiota nyasi siku hizi, kupata kingine si mchezo.

Naona wenyeji mnacheka. Kwa Mjaluo ndugu ya baba ni baba, na kumzika si jambo la kutuma pole kwa simu. Kijana hakudanganya hata neno moja. Msimamizi naye si mtu mbaya. Amekulia Nairobi, na nyumbani kwao ndugu ya baba aliitwa anko, basi. Kilichookoa ile kazi ni kwamba kabla ya kutia sahihi alimwita kijana, akafunga mlango, akamwuliza, "Huyu baba wa pili ni nani?" Dakika tano tu.

Sasa mwangalie Finehasi. Alitumwa na wakuu kumi wakaulize. Tusidanganyane, hakuanza kwa upole: alikumbusha dhambi ya Peori na ya Akani. Lakini alikwenda. Na katikati ya ukali wake akawaambia, kama nchi yenu ni najisi, vukeni mje huku tugawane yetu. Hapo ndipo mimi napapenda. Ukienda kuuliza bila nia ya kumsaidia mtu, yeye anasikia mashtaka tu.

Na jibu lilikuwa nini? Madhabahu ile haikuwa ya kutolea sadaka. Waliijenga kwa hofu. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa huku watawaambia watoto wao: mto ni mpaka, nyinyi hamna sehemu kwa Bwana.

Hofu hiyo Kisumu tunaijua. Mapema 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, kuna wafanyakazi wenzetu waliofunga mizigo wakaondoka mji huu kwa sababu ya kabila, na maduka yakachomwa. Kwa hiyo dada wa kutoka Meru akiingia chumba cha chai saa nne, nyinyi watano mnaongea Dholuo na kucheka, naye akachukua kikombe chake akatoka, msiseme anaringa. Pengine mlikuwa mnacheka Gor Mahia. Yeye atajuaje? Badilisheni lugha. Kiswahili ni cha taifa, na hapa Kisumu hakina mwenyewe, sote tunakivunja sawasawa.

Nani aanze? Wengi husema mgeni ndiye ajifunze. Mimi nasema aanze aliye na watu wake wengi. Waliovuka mto katika Yoshua 22 ni wajumbe wa makabila mengi, wakiwaendea wachache. Dada naye anaweza kusema, "Mniambie na mimi nicheke," lakini asiachiwe mzigo wote peke yake.

Kuna mtu kazini umekwisha kumhukumu moyoni, na jina lake limekujia sasa hivi unaposoma. Mwombee leo. Kesho mfuate, umwulize kwa upole, mkiwa wawili. Kisha njoo Jumatano kwenye ibada ya mchana utuambie alijibu nini.