Nguvu Zinazorudi ni za Nani?

Mto Thames unaanzia malishoni karibu na kijiji cha Kemble, magharibi ya Uingereza, na njia ya miguu inayoufuata hadi mashariki ya London ina urefu wa karibu kilomita 300. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1996, lakini sehemu yake kubwa ni ya kale zaidi: hapo ndipo walipopita farasi, na kabla yao wanaume, wakizikokota mashua za mizigo kwa kamba. Siku hizi wengi wanaopita hapo wakati wa kiangazi, mierebi ikiwa imejaa majani na mchana wa Juni ukidumu zaidi ya saa 16, wanatembea kwa raha tu. Ila wamo miongoni mwao ambao mwendo wao haufichiki. Huyu amefanyiwa upasuaji wa moyo na daktari amemwagiza atembee kila siku, akiongeza kidogo kidogo. Yule amenyanyuka kitandani baada ya wiki nyingi za maradhi, na miguu bado inamtetemeka. Wanafika benchi la kwanza, wanakaa wakihema, wanatazama batamaji, kisha wanainuka kulifuata la pili. Swali ninalotaka kulijadili linawahusu hao, na linamhusu kila anayeuguza mwili uliolegea popote alipo: siku nguvu zikirejea, zitakuwa za nani?

Jibu la upesi ni kwamba zitakuwa zake mwenyewe. Aliamka wakati wenzake wamelala, alivumilia maumivu ya magoti, alitokwa jasho. Basi nguvu ni ujira wake, na hadaiwi na mtu. Zama zetu zinalipenda sana jibu hili. Matangazo ya viatu vya mazoezi yamejengwa juu yake, na hata mahubiri mengine. Mimi naliona si la kweli, na naliona lina madhara. Nguvu zinazorudi ni amana. Aliyerudishiwa amezipokea azitunze na azitumie kwa haki, na jasho lake, ingawa lilikuwa la lazima, halikuzinunua.

Ushahidi wa kwanza unatoka maabara. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, kwa muda wa wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito ulianguka vibaya. Miaka 30 baadaye watano walewale walipimwa tena, wakiwa wamefikia miaka 50 na wamenenepa, na ikaonekana kwamba miongo mitatu ya kuzeeka haikuwa imewapunguzia uwezo huo kiasi walichopunguziwa na wiki tatu za kulala tu. Kisha wakafanyishwa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, na uwezo wao ukarudi mahali ulipokuwa mwaka 1966 kabla hawajalazwa. Matokeo haya husimuliwa kama sifa ya mazoezi, na ni sawa. Lakini yanatwambia pia jambo ambalo husemwa mara chache. Kijana asiye na kosa lolote anaweza kunyang'anywa nguvu zake ndani ya siku 20, na mzee mtarajiwa akarudishiwa kwa juhudi ambayo, ukiipima kwa ukubwa wa kilichorudi, ni ndogo mno. Ule uwezo wa kurudi wenyewe hakuna kati yao aliyeutengeneza. Ulikuwa umelala mwilini miaka yote hiyo ukingoja kuamshwa. Mtu anayetembea kando ya mto hajui misuli yake inavyoota mishipa midogo ya damu, na hata akijua, hawezi kuiamuru iote. Anachoweza ni kuinua mguu.

Kuna ushahidi mwingine wa kusisimua zaidi, kwa kuwa humo mgonjwa hakufanya lolote. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti juu ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania waliokuwa wametolewa kibofu cha nyongo. Nusu yao walilazwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalielekea miti. Nusu nyingine waliona ukuta wa matofali. Wa upande wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Kundi la watu 46 ni dogo, na sitaki libebeshwe mzigo usio wake. Hata hivyo linatosha kutia shaka hesabu ya ujira, maana aliyepona mapema hakufanya kazi zaidi ya jirani yake. Alipangiwa dirisha tu.

Vitabu vya dini vililifahamu jambo hili zamani. Katika Qur'ani, Nabii Ayubu, baada ya mateso marefu, anaamriwa apige ardhi kwa mguu wake, na maji baridi ya kuoga na kunywa yanatokea. Katika Biblia, Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, anaambiwa na Elisha aende akaoge mara saba katika Yordani. Anakasirika. Alitazamia jambo la fahari, na kwao Dameski kuna mito anayoiona bora kuliko huo. Ni watumishi wake wanaomtuliza kwa kumkumbusha kwamba angeagizwa jambo gumu angelitenda, basi hili jepesi linamshinda nini? Visa vyote viwili vina mto au chemchemi, vina mwili uliodhoofika, na vina tendo dogo la mwili wenyewe. Ayubu hakuambiwa akae maji yamfuate, wala Naamani hakuponea sebuleni kwa Elisha. Lakini hakuna msomaji mwenye akili timamu atakayesema kwamba pigo moja la mguu lilistahili chemchemi, au kwamba kuzama mara saba kulilipia ngozi mpya. Juhudi ilikuwa mlango. Kilichopita mlangoni kilitoka kwingine.

Hapo najua nitapingwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza atasema kwamba hili ni suala la kemia na biolojia, na kumwingiza Mungu ni kupoteza muda. Simlazimishi aamini. Namwomba akiri tu kwamba kemia hiyo hakuitunga yeye, kwamba aliikuta mwilini mwake kama alivyoukuta mto ukipita, na kwamba aliyekikuta kitu hana haki ya kujisifu kana kwamba amekifinyanga. Shukrani yake ataielekeza anakojua. Deni liko palepale. Wa pili ni muumini atakayeuliza, ikiwa nguvu hutolewa tu, kwa nini tujichoshe? Huyu amesahau maana ya amana katika maisha ya kila siku. Mtu akikuachia shamba lake ulitunze, hulali ukasema mwenyewe yupo. Unalima kwa bidii zaidi, kwa sababu si lako na utaulizwa. Imepokewa katika hadithi za Mtume Muhammad kwamba alimkataza sahaba wake Abdallah bin Amr kufunga kila siku na kukesha kila usiku, akimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Abdallah alishikilia zaidi ya alichoshauriwa, na uzeeni akatamani angeikubali ile nafuu. Kwa hiyo haki ya mwili ina pande mbili: haramu kuuacha uoze kitandani, na haramu kuupiga mijeledi.

Upande huu wa pili unasahauliwa sana na wanaotembea wakihesabu. Kiwango cha hatua 10,000 kwa siku, ambacho watu wengi hudhani kilitoka kwa madaktari, kilianza kama jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na I-Min Lee na wenzake kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliofikisha hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliofikisha 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka zilipofika kama 7,500. Namba zina kazi yake. Zinakuwa balaa mgonjwa anapozifanya hakimu, akarudi nyumbani na hatua 3,000 akajiona ameshindwa, ilhali mwezi uliopita hakuweza kufika chooni bila kushikwa mkono.

Sasa niingie kwenye pingamizi zito kuliko yote. Wako wasiorudishiwa. Wametembea, wameomba, wamefuata kila agizo la daktari, na mwili umekataa. Ikiwa nguvu ni amana inayorejeshwa, je, hao wamenyimwa kwa sababu gani? Sidai kuijua siri hiyo, na sina imani na anayedai. Ila nasisitiza kwamba swali hili linaiumiza zaidi nadharia ya ujira kuliko ninayoitetea. Nguvu zikiwa mshahara wa bidii, basi asiyepona ni mvivu, au alificha kosa fulani. Hakuna njia ya kukwepa hitimisho hilo. Hayo ndiyo hasa waliyoyasema rafiki zake Ayubu walipokuja kumfariji, na kitabu chake katika Biblia kinaishia kwa Mungu kuwakasirikia wao. Paulo naye anaeleza kwamba aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, na haukuondolewa. Hakuna anayehesabu hilo kuwa dalili ya uzembe wake. Penye amana, asiyepewa hana hatia, na aliyepewa hana cha kujivuna mbele yake. Mtu anayepita kwa haraka mbele ya benchi alilokalia mwenzake mwenye pumzi fupi anapaswa kulijua hilo moyoni.

Lipo pia pingamizi la kitabaka, nalo naliheshimu. Mwanamke wa kijiji kisicho na bomba, iwe Dodoma au Kitui, huenda mtoni kila siku na kurudi na ndoo ya lita 20 kichwani. Kumsimulia habari za matembezi ya mtoni kwa ajili ya siha ni kumtusi. Mto huohuo unaweza kuwa na kichocho, au mamba. Nakubali yote, na ndiyo maana sikusema kwamba kutembea ni kwema kwa nafsi yake. Wema hauko kwenye hatua wala kwenye maji; uko katika kuupa mwili haki yake. Mwili wa karani wa London aliyekaa kitini miaka 20 unadai kutembezwa. Mwili wa mama huyu unadai kuketi kivulini, na wanaopaswa kuulipa deni hilo ni mume, wana wa kiume, diwani na serikali, kwa kumletea bomba karibu na mlango. Kanuni ile ile inamwinua mmoja na kumkalisha mwingine. Nadharia ya ujira haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa inajua kusema neno moja tu: jitahidi.

Na mto wenyewe? Ni kosa kuusifu kama mganga asiyeugua. Kiangazi cha 1858 Thames ulinuka vinyesi kiasi kwamba wabunge walishindwa kukaa kwenye ukumbi wao ulio kando yake, na ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mabomba makubwa ya majitaka. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa ikazama karibu na mahali uchafu huo ulipomwagwa, na zaidi ya watu 600 wakafa. Mwaka 1957 wataalamu wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London waliutangaza mto kuwa umekufa katika sehemu zake za mjini. Leo sili wanaonekana humo, na samaki wa aina nyingi wamerudi. Ulirudi kwa namna ileile unavyorudi mwili: watu waliacha kuuumiza, wakafanya kazi iliyowahusu, na uhai ambao hawakuuumba ukafanya uliobaki. Wala haujapona kabisa. Majitaka yaliendelea kufurika humo wakati wa mvua kubwa hata ikabidi lichimbwe handaki la kilomita 25 chini ya jiji, lililounganishwa lote mwaka 2025. Katika ukame wa 2022, maji ya chanzo yalikauka na mto ukaanza kuonekana kilomita kama nane chini ya mahali pake pa kawaida.

Kwa hiyo anayenufaika na kingo hizo anakuta kazi ya walioishi kabla yake, na anadaiwa na watakaokuja. Waislamu husimuliana kwamba Mtume alimwonya sahaba wake Saad asifuje maji ya udhu hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Onyo hilo lingekosa maana kama kilicho tele kingekuwa mali ya anayekitumia. Afya ni vivyo hivyo: siku iliyo tele, ndipo ilipo rahisi kuichezea.

Basi wewe uliyepata nafuu mwaka huu, ukatembea leo ulikoshindwa kufika jana, usiishie kushukuru kwa mdomo. Mtaani kwako yupo aliyetoka hospitali wiki hii na anaogopa kutembea peke yake. Mgongee mlango, mpishe upande wa kivuli, na uende kwa mwendo wake.