Umri wa Mche na Ahadi ya Mawingu

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya dini imeyarudia mara nyingi ni lile la mpaka kati ya kungoja na kutenda, yaani ni wakati gani anayemwamini Mungu anapaswa kusubiri, na ni wakati gani kusubiri huko kunageuka kuwa uzembe uliovikwa joho la imani. Kwa kawaida swali hili hujadiliwa kwa mifano ya ugonjwa, safari au vita, ilhali uko mfano mwingine ambao hujirudia kila msimu na haupewi nafasi inayostahili, nao ni uamuzi wa kutoa miche kitaluni na kuihamishia shambani. Kitalu, kwa maana inayotumika hapa, ni tuta dogo lililorutubishwa kwa samadi iliyooza vizuri, ambalo hufunikwa nyasi kavu mpaka mbegu ziote, kisha huwekewa kichanja cha kivuli, na ambamo miche hulelewa kwa maji ya kumwagilia asubuhi na jioni hadi ifikie umri wa kujitegemea.

Mahali pazuri pa kuutazama mfano huo ni Kamanga. Kamanga, iliyo katika Wilaya ya Sengerema kwenye ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, hutazamana na jiji la Mwanza, ambalo huunganishwa nalo kwa kivuko, na kwa kuwa iko katika nyuzi zisizofikia 3 kusini mwa Ikweta, haina majira ya baridi kali yanayotawala kilimo cha Ulaya. Nchini Ujerumani na Austria wakulima wa bustani kwa muda mrefu wameizuia miche ndani mpaka zipite sikukuu za wale waitwao Watakatifu wa Barafu, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, wakiamini kwamba baada ya hapo jalidi, yaani umande unaoganda usiku na kuua majani machanga, haitarudi tena. Ajabu ya desturi hiyo ni kwamba ilitangulia marekebisho ya kalenda ya Papa Gregori wa 13 ya mwaka 1582, ambayo yaliruka siku 10, hivyo sikukuu za watakatifu zikaachana na siku za baridi zilizokuwa zimefungamana nazo, lakini waumini wengi waliendelea kufuata tarehe. Kamanga haina jalidi, wala haina mtakatifu aliyekabidhiwa miche. Adui wa mche ni jua la mwisho wa kiangazi, na kinachongojwa ni vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba, au masika ya Machi hadi Mei kwa waliochelewa.

Ugumu wa kifalsafa unaanzia hapo, kwa sababu mkulima anahudumia kalenda mbili zisizosikilizana. Ya kwanza imo ndani ya mche wenyewe: mche wa nyanya huwa tayari wiki 3 hadi 5 baada ya mbegu kuota, ukiwa na majani 4 hadi 6 ya kweli, na mche wa kitunguu huchukua wiki 6 hadi 8. Mche ukipitiliza, shina la nyanya hurefuka na kukakamaa, mizizi husongamana na ya jirani, na hata maua yanaweza kutokea kitaluni, jambo linalomfurahisha mgeni na kumhuzunisha mwenye shamba. Kalenda ya pili iko angani, nayo haidaiwi. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu inahitaji tahadhari katika ukanda huu, kwa kuwa Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hujitengenezea hali yake ya hewa: mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na ngurumo nyingi hutokea juu ya maji kati ya usiku wa manane na asubuhi, kiasi kwamba wingu jeusi laweza kuonekana wazi kutoka ufukweni likimwaga mvua yake yote ziwani, na tuta lililo hatua chache kutoka majini likabaki vumbi. Mche, basi, husema sasa. Mbingu hazisemi kitu, au husema jambo lisilowahusu walio nchi kavu.

Kati ya kalenda hizo mbili ipo kazi ambayo wataalamu wa kilimo huiita kukomaza miche, yaani kuizoesha shida kabla ya kuikabidhi kwa shamba. Kwa siku 7 hadi 10 za mwisho maji hupunguzwa na kichanja huondolewa kidogo kidogo, kwanza asubuhi na jioni, hatimaye mchana kutwa, mpaka majani yawe na rangi nzito na shina liache ulaini wake. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na onyo hilo linaukaa mche sawasawa. Siku ya kuhamisha, kitalu hunyweshwa vya kutosha ili udongo ushikamane, mche hung'olewa jioni pamoja na bonge lake la udongo, na mkono wenye ujuzi huushika kwa jani, wala si kwa shina, kwa kuwa jani likichanika mche huota jingine, ilhali shina likibonyea kazi yote imekwisha. Kisha udongo hukandamizwa kwa vidole kuzunguka mizizi na mche huwekewa kivuli cha jani la mgomba kwa siku chache. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji kujua kama kesho itanyesha.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloipa maana mgawanyo uliofanywa na Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din alijadili tawakkul, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote, kwa kuzipanga sababu katika madaraja matatu: sababu za yakini, ambazo kwa mpango wa Mungu haziachani na matokeo yake, sababu za dhana yenye nguvu, ambazo kwa kawaida huleta matokeo lakini si lazima, na sababu za kuwazia tu. Kuziacha sababu za daraja la kwanza, kwa hoja yake, si tawakkul bali ni wazimu, na miongoni mwa mifano yake ni mtu anayekataa kupanda huku akitarajia Mungu aioteshe ardhi yake bila mbegu. Ukitazamwa kwa mizani hiyo, ukomazaji wa miche, umwagiliaji na uangalifu wa mizizi ni mambo ya yakini. Mvua ya wiki ijayo ni dhana yenye nguvu. Na hesabu za siku za nuksi ni za daraja la tatu.

Makosa mawili yanayoonekana kupingana, kwa hiyo, yana mzizi mmoja wa kuchanganya madaraja. Anayekawia mpaka awe na hakika ya mvua anaidai yakini kutoka kwa jambo ambalo asili yake ni dhana, na miche yake huzeekea kivulini. Anayetoa miche laini isiyokomazwa, akaipanda saa 6 mchana na kusema Mungu anajua, anaishusha yakini iwe dhana, kisha anamtwika Mungu lawama za mkono wake. Kosa la pili, kwa uamuzi wa makala hii, ni zito zaidi kidini kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza ni woga tu, na woga huweza kutibiwa, lakini la pili hutumia jina la Mungu kufunika kazi isiyofanywa.

Maandiko ya Kiyahudi na ya Kikristo yana sauti inayokaribiana na hiyo. Sura ya 3 ya kitabu cha Mhubiri, inayosomwa mara kwa mara makanisani kwa sababu ya orodha yake ya nyakati, huwafanya wengi wafikiri kwamba kila jambo lina saa yake iliyofungwa na kazi ya binadamu ni kuigundua. Lakini sura ya 11 ya kitabu hichohicho inamkosoa mtu anayeukodolea macho upepo na mawingu kwa kuwa hatapanda wala hatavuna, na kumshauri asiuzuie mkono wake asubuhi wala jioni kwa vile hajui ni kazi ipi itakayofaulu. Ushauri huo unalingana kabisa na desturi ya kusia mbegu kwa awamu, ambapo kitalu cha kwanza hutangulia cha pili kwa wiki moja au mbili, ili mvua ikichelewa kuikuta miche ya kwanza iikute ya pili. Katika upande wa Uislamu ipo hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad katika Musnad, na pia Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad, inayomwelekeza mtu ambaye Kiyama kimemkuta na mche mkononi aupande kama anaweza. Hadithi hiyo inakata shauri ambalo Mhubiri ameliacha wazi: thamani ya tendo la kupanda haitoki kwenye mavuno peke yake, kwa sababu mche wa siku hiyo hauna mavuno.

Usukuma wa kale, katika ukanda huohuo wa ziwa, ulilitatua swali la wakati kwa njia nyingine, ya kisiasa. Mtemi, yaani chifu, alihesabiwa kuwa na dhamana juu ya mvua, akawa na wataalamu wa kuiomba, na ukame wa muda mrefu uliweza kumgharimu kiti chake. Mfumo wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, dhamana hiyo haikurithiwa na ofisi yoyote. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kwa kueleza kama mvua zinatarajiwa kuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani, na kauli hiyo ni ya kweli zaidi kuliko ahadi ya mtemi, lakini inamrudishia mkulima mzigo ambao zamani aliubebeshwa mtawala. Dhana yenye nguvu haiwezi kuondolewa madarakani.

Habari za mtemi zinagusa pia dai maarufu la John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanateolojia mzaliwa wa Kitui nchini Kenya, ambaye katika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, aliazima maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kueleza kwamba wakati katika fikra za jadi za Kiafrika una pande mbili tu, uliopita mrefu na uliopo, na kwamba wakati ujao karibu haupo, isipokuwa matukio ya karibu yasiyovuka takriban miaka 2 na yale yaliyo katika mzunguko wa asili. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye alilipinga dai hilo mwaka 1987 kwa ushahidi wa fikra za Waakan. Mbiti angeweza kujibu kwamba kitalu hakimpingi, kwa kuwa vuli ni sehemu ya mzunguko wa asili na iko karibu. Jibu hilo, hata hivyo, halitoshi, kwa maana mzunguko husema kwamba mvua huja, hausemi lini, na kama jamii isingekuwa na fikra nzito juu ya wakati ujao usio na hakika, isingekuwa na sababu ya kumweka mtu madarakani au kumwondoa kwa ajili ya mvua ambayo bado haijanyesha. Anayesia mbegu mwezi wa Septemba katika udongo mkavu ameweka rehani samadi, maji na mgongo wake kwa jambo lisilokuwapo bado.

Agostino wa Hippo, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, alisema kwa hoja ndefu kwamba wakati ujao upo kama tazamio ndani ya nafsi. Chuo kikuu kinachobeba jina lake kiko Malimbe, ng'ambo ya ghuba hiyohiyo, na wanaofundisha mada ya wakati popote kandokando ya ziwa wangefaa kuwavusha wanafunzi wao kwa kivuko hadi Kamanga kabla ya vuli kuanza, wawaulize wenye vitalu wanaamuaje siku ya kuondoa kichanja.