Imani na Mlima

"Imani huhamisha milima." Neno hili twalisoma migongoni mwa magari ya abiria, twalisikia katika mahubiri na nyimbo. Ni neno jema. Lakini je, twajua tusemalo?

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang, katika Mkoa wetu wa Manyara. Sehemu za mji wa Katesh, ulio kwenye barabara ya Babati kwenda Singida, zilifunikwa. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mlima ulihama, wala si kwa imani ya mtu.

Je, tumwambie mama aliyezika watoto wake kwamba imani yake ilikuwa haba? Hasha! Bwana mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Ni nani atakayethubutu kusema kuwa alikosa imani? Asemaye hivyo ameigeuza imani kuwa hirizi, na Mungu kuwa mtumwa wetu.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alilitumia neno hilihili la milima, akatia sharti: pasipo mapendo, imani hiyo si kitu. Siku zile askari na raia walizoa tope la Hanang wakiwatafuta waliofukiwa; wengine wakaleta vyakula na mablanketi. Huko nako ni kuhamisha mlima.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kulitamka neno hili mbele ya mfiwa, yatupasa kujiuliza: mkononi tumeshika jembe, au tumekuja na maneno matupu?