Zawadi Inayonunua Kiti

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ikiwa msemo huu ni wa kweli, na hapana shaka ni wa kweli, basi zawadi hupimwa kwa nia ya mtoaji kuliko kwa wingi wa fedha. Nia haina rangi wala uzito, na macho ya sheria hayaioni. Hata hivyo, kila sheria ya kodi inapomsamehe mtu kwa sababu ya ukarimu wake, hulazimika kuamua lipi ni tendo la ukarimu na lipi ni biashara. Mfano bora wa uamuzi huu umo katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani.

Huko mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu huvuta watazamaji wengi mno, na viti vizuri hugombewa. Vyuo vingi havimwuzii mtu tiketi ya kiti kizuri mpaka kwanza atoe mchango kwa mfuko wa michezo. Sheria ya mwaka 1988 ilimruhusu mtoaji kuondoa asilimia 80 ya mchango huo katika pato lake linalotozwa kodi, ingawa mchango ulimpa haki ya kununua tiketi. Tuseme mtu alitoa dola 1,000, na sehemu ya juu ya pato lake ilitozwa asilimia 35. Dola 800 zilitoka katika hesabu, na kodi yake ilipungua kwa dola 280. Dola hizo hazina ilizikosa, na pengo la hazina huzibwa na wote. Mjane asiyepata kuuona mlango wa uwanja alishiriki kulipia kiti cha tajiri.

Desemba 2017 sheria iligeuzwa, na tangu mwaka 2018 msamaha huo haupo. Sheria hiyo hiyo iliweka kodi ya asilimia 21 juu ya mishahara inayozidi dola 1,000,000 katika taasisi zilizosamehewa kodi, kodi ambayo hulipwa na mwajiri. Makocha wakubwa hupokea mishahara ya namna hiyo.

Watetezi wa msamaha wana hoja isiyostahili kudharauliwa. Wasema kwamba fedha za viti hazimlishi mchezaji wa mpira peke yake. Hulisha pia kuogelea, mieleka na riadha, michezo isiyojaza viwanja wala kujitosheleza kwa viingilio. Hoja hii yatugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia katika chuo kikuu cha Texas mjini El Paso. Mlango uliofunguliwa kwa mbio umewapa elimu vijana wengi. Tena mzigo umezidi: tangu mwaka 2025, kwa mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vyaweza kuwagawia wachezaji wao fedha moja kwa moja mpaka kikomo cha kila mwaka, ambacho katika mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5. Mfuko ukipungua, mchezo mdogo ndio hutazamwa kwanza na mwenye kisu.

Lakini hoja hiyo yathibitisha manufaa ya fedha. Haithibitishi kuwa ununuzi ni sadaka. Mtu akinunua samaki sokoni, na mvuvi akamsomesha mwanawe kwa fedha ile, mnunuzi hakuwa mfadhili wa shule. Wema wa matumizi haubadili asili ya tendo. Kama elimu ya mkimbiaji ni kheri ya umma, umma na uigharimie waziwazi, kwa kura na kwa hesabu inayosomeka. Mkimbiaji asifanywe pazia la kuficha starehe ya mwenye kiti.

Kwa hiyo sheria ya 2017 ilitenda haki ilipouita ununuzi ununuzi. Ila haki hiyo bado ni nusu. Aliyepoteza msamaha atapata kiti kingine. Aliyepoteza nafasi ya masomo huenda asipate nyingine. Nusu iliyobaki ni wajibu wa vyuo wenyewe, wakati wa kupunguza matumizi, kuanza na anasa kabla ya kumfikia mwanafunzi.