Mchuzi wa karanga umepata meza

Shemeji yangu ni Mngazija wa Paris. Alihamia Ufaransa akiwa kijana, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuosha vyombo katika migahawa ya kifahari, ile ambayo mteja hafungui mlango kwa mkono wake. Mlango huo yeye hakuwahi kuupita. Njia yake ilikuwa ya uchochoroni, kwenye mapipa ya taka. Nilipompigia simu kumwambia nimeweka nafasi kwa ajili yetu wawili MoSuke, mgahawa wa Mory Sacko katika wilaya ya 14 ya jiji hilo, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Shemeji, tunaingilia mbele?"

Tuliingilia mbele.

Sacko alizaliwa Ufaransa mwaka 1992, mtoto wa wahamiaji kutoka Afrika Magharibi, katika nyumba ya watoto tisa. Alisomea kazi ya hoteli, akapika chini ya mpishi Thierry Marx katika hoteli ya Mandarin Oriental, na mapenzi yake kwa Japani yalianzia kwenye vitabu vya katuni alivyovisoma utotoni. Alifungua mgahawa wake Septemba 2020. Mwezi uliofuata haukuisha vizuri, korona ikaifunga migahawa yote nchini. Hata hivyo Januari 2021 akapewa nyota ya Michelin, kitabu cha kampuni ya matairi ambacho kimekuwa kikitoa nyota tangu 1926 na ambacho wapishi wa Ufaransa hukiogopa kama mwanafunzi anavyoogopa siku ya matokeo. Jina la mgahawa ameliunganisha kutoka kwenye lake mwenyewe na la Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na mapadri wa Kijesuiti na kuingia katika utumishi wa mtawala Oda Nobunaga. Padri mmoja aliyeandika habari zake baadaye alisema mtu huyo alitoka Msumbiji. Nilipomsimulia shemeji, aliinua kichwa. Msumbiji kwake ni ng'ambo ya bahari tu, kama Mombasa kwa Mpemba.

Mlo wa aina hii humwondolea mgeni kazi ya kuchagua. Mpishi ndiye anayepanga: sahani ndogo baada ya sahani ndogo, kila moja na neno lake la kusema. Zamani wakubwa wa Ufaransa walitandikiwa vyakula vingi mezani kwa pamoja, karibu kama sinia zetu za harusini. Mtindo wa kuleta kimoja kimoja ulienea katika karne ya 19, na mpaka leo unaitwa wa Kirusi. Siku ya kuweka nafasi huulizwa kama kuna usichokula. Tulisema mvinyo na nyama isiyo halali, basi tukaletewa samaki na mboga.

Sahani niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya samaki bapa, wa jamii ya gayogayo, aliyepikwa ndani ya jani la mgomba. Pembeni yake atieke: mihogo iliyokunwa, ikachachushwa, ikakamuliwa maji, kisha ikapikwa kwa mvuke mpaka ikasimama punje punje. Ni chakula cha kila siku Abidjan, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kukitengeneza katika orodha ya urithi wa binadamu. Jani lilikuwa limeungua kingo kidogo. Shemeji alilishika kwa vidole viwili, akalinusa kabla ya kumgusa samaki. Hakusema lolote, ila alianza kula polepole sana, na mimi nikajikuta nafuata mwendo wake. Jirani zetu walikuwa na nyama ya ng'ombe ya mafé, sahani inayojulikana zaidi pale, nyama iliyolazwa ndani ya mafuta ya shea na kuandaliwa na mchuzi wa karanga. Hatukuionja, lakini harufu ya karanga ilitufikia.

Ndipo nikamwona anaigeuza sahani tupu na kuutazama mgongo wake. "Hizi huoshwa kwa mkono," akaniambia. "Ukiitia kwenye mashine inakatika ukingo, na wewe ndiye utakayeulizwa."

Nilikuwa nimeingia pale na swali linalonisumbua: si israfu hii? Fedha ya mlo ule, nyumbani familia hulia kwa muda mrefu. Shemeji alinijibu kwa lugha ya kazi yake. Alisema israfu anaijua kwa uzito wake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiibeba kwenda pipani: sahani za bufee za hotelini zilizorudi na nusu ya chakula, mikate iliyong'atwa mara moja, samaki mzima aliyeguswa mgongo tu. "Hapa hakuna sahani iliyorudi na kitu. Aliyepika ameheshimiwa, na aliyeosha amepumzika." Naona ana hoja, na nzito. Bei bado inanikaa kooni. Sidhani kama inapaswa kumezeka kirahisi. Lakini nimehudhuria karamu nyingi za kwetu ambazo zingefeli kipimo cha shemeji yangu.

Kilichonigusa zaidi ni yale ya nyuma ya ukuta. Mwaka 2008 mamia ya wafanyakazi wasio na vibali waligoma jijini Paris na vitongojini mwake. Wengi walikuwa Wamali, na wengi kati yao walikuwa wakipika na kuosha vyombo migahawani. Walilipa kodi, walikatwa michango, ila mbele ya dola hawakuwapo. Shemeji anaikumbuka miezi ile; yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwa makaratasi ya mtu mwingine, na tajiri wake alijua. Chakula cha watu wale, karanga zao na mihogo yao, kilikuwa chakula cha saa tisa mchana, kinacholiwa wima jikoni kabla ya wageni kufika. Leo kinapewa kitambaa cheupe, na anayekipika kabandika jina lake mlangoni.

Sasa nitazame kwetu. Kisamvu cha karanga ni kazi ya kutwa. Majani yatwangwe kinuni, yachemshwe muda mrefu kwa sababu mbichi yana sumu, karanga zikaangwe na kusagwa, nazi ikunwe, tui jepesi litangulie na zito lije mwisho, moto ukiwa umeshapunguzwa. Sidhani kama jiko la Sacko linamzidi mwanamke anayefanya hivyo kwa uvumilivu wala kwa ujuzi. Ila mgeni akibisha hodi tunakificha, tunakimbilia kuku. Na hoteli zetu nyingi za pwani zinakipa nafasi usiku mmoja wa wiki, wenye ngoma, kwa ajili ya watalii. Siku zilizobaki ni tambi na pitsa.

Nilipomwambia shemeji kwamba kisamvu kinastahili kukaa kama kile chakula tulichokula, alinipinga. "Kikipanda bei, shemeji, mama yangu atakila wapi?" Ni swali la haki, na nadhani hata Sacko ameliwaza, maana alifungua pia MoSugo, mahali pa bei nafuu pa kuku wa kukaanga. Mimi nakitaka kisamvu kote kuwili: kwa mama lishe kituoni, na Dar es Salaam na Mji Mkongwe katika hoteli za nyota, kila siku ya wiki. Kiandikwe kwenye orodha pamoja na jina la aliyekipika na kijiji yalikochumwa majani, na kitozwe bei inayomlipa vizuri aliyeshika mchi.