Jicho la Msanii na Picha Zilizolitangulia

Mwanafunzi wa shahada ya sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji na uchapaji, hupangiwa pia somo la utamaduni wa picha, linalochunguza picha zote zinazoizunguka jamii, kuanzia turubai za makumbusho hadi noti, kanga na mabango ya barabarani, pamoja na mazoea ya kuzitazama. Wapo wanaoliona kuwa mzigo wa maneno kwa mtu aliyekuja kujifunza kazi ya mikono, na pingamizi lao lina uzito zaidi kuliko linavyodhaniwa, kwani limejengwa juu ya dhana kongwe kwamba msanii huona vyema zaidi asipofundishwa kuona.

John Ruskin, mhakiki wa Uingereza, aliitetea dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1857 kuhusu kuchora, akimtaka mchoraji arudie hali ya mtoto anayepokea madoa ya rangi pasipo kujua yanawakilisha nini. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich aliikanusha mwaka 1960 kwa hoja kwamba mchoraji huanza na umbo alilolizoea, kisha hulirekebisha kwa kulilinganisha na kilichopo mbele yake.

Mjadala huo una historia yake Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeasisi mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere, Uganda, katika miaka ya 1930, alihofu kwamba kuiga kazi za Ulaya kungewapotosha wanafunzi wake, hivyo aliwasimulia tukio kwa maneno, wao wakachora walichokiona akilini. Mbinu hiyo ilizaa matunda, mojawapo likiwa Sam Ntiro, mchoraji wa maisha ya Wachaga chini ya Kilimanjaro. Hata hivyo, akili za wanafunzi hao hazikuwa tupu: zilikuwa na picha za Biblia za wamisionari, stempu na sarafu zenye kichwa cha mfalme, na vilevile nakshi za vibuyu na vikapu ambazo aghalabu hazikuhesabiwa kuwa sanaa. Isitoshe (na hili husahaulika mara nyingi), aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi cha kuigwa alikuwa mwalimu ambaye jicho lake mwenyewe lilifunzwa London.

Kwa hiyo somo hili haliharibu usafi wowote wa jicho. Humwezesha mwanafunzi kutambua umbo linaloujia mkono wake kwanza limetoka wapi na linamtumikia nani. Hatari ipo, nayo ni ya kweli, kwamba ataanza kuchora vielelezo vya nadharia, kazi zisizosimama bila maelezo yaliyobandikwa ukutani. Lakini si lazima iwe hivyo: Elimo Njau, mwanafunzi mwingine wa Trowell, alipochora katika kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, alimweka Kristo Mwafrika katikati ya mandhari ya Wakikuyu, na nguvu ya michoro hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na Kristo wa Kizungu ambaye kila muumini aliyeingia humo alikwisha kumwona kitabuni.